Salfeti ya nikeli: nilitarajia maji saba, eksirei zikaonyesha sita

Mwanagenzi aliandika:

Habari za kazi wanajamvi. Ninaandaa tasnifu ya shahada ya uzamili katika kemia isokaboni hapa Dar es Salaam, na nimekwama mahali ambapo nilidhani pangekuwa pepesi kuliko sehemu nyingine zote. Kabla ya kuanza kutengeneza kampaundi zangu za nikeli zenye ligandi za kikaboni (molekuli zinazoishika metali), nilitakiwa kwanza nitengeneze salfeti ya nikeli yenye maji, nipate muundo wa fuwele yake, kisha nieleze bondi za haidrojeni zilizomo (mvutano kati ya haidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya jirani), ili nijifunze njia kwa kutumia kitu ambacho tayari kinajulikana.

Niliyeyusha kaboneti ya nikeli katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, nikachuja, nikaugawa mmumunyo katika bakuli mbili za kioo. Bakuli la kwanza niliweka katika chumba chenye kiyoyozi, ambako joto lilikuwa nyuzi 24 za Selsiasi. La pili liliachwa juu ya meza ya maabara kwa sababu nafasi haikutosha, na ilikuwa mwezi wa Februari, kwa hiyo mchana kipimajoto kilisoma 33. Katika bakuli la kwanza zilitokea fuwele ndefu za kijani kibichi. Katika la pili zilitokea fuwele nene zinazoelekea rangi ya buluu, zenye sura za mraba. Nyingi kati yake nilizihifadhi katika vyombo viwili vya kukaushia vyenye jeli ya silika. Baada ya siku nne, fuwele ndefu zilikuwa zimefifia na kufunikwa na unga mweupe wa kijani, ilhali zile nene zilibaki angavu kama mwanzo.

Kwa kuwa zile nene ndizo zilizobaki nzuri, ndizo zilizopelekwa kupimwa kwa eksirei. Majibu yamerudi: seli ya msingi (kipande kidogo kinachojirudia katika fuwele) ni ya tetragonali, yaani yenye kitako cha mraba, upande wa kitako, a, ni angstromu 6.78 na kimo, c, ni 18.28 (angstromu moja ni sehemu ya bilioni kumi ya mita), kundi la ulinganifu, yaani namna atomu zinavyojirudia, ni P41212, na ndani ya seli mna fomula nne, yaani nikeli nne na salfeti nne pamoja na maji yake. Nikeli imezungukwa na oksijeni sita za maji, na hakuna maji ya saba popote. Lebo niliyokuwa nimekwisha kuandika kwenye chupa inasema NiSO4·7H2O.

Naomba msaada katika mambo matatu. Je, nilikosea katika utengenezaji? Pili, naambiwa niandike kwamba "muundo umeimarishwa na mtandao mpana wa bondi za haidrojeni", lakini sentensi hiyo nimeikuta katika makala nyingi mno na sioni inaeleza nini kuhusu fuwele yangu. Ningeandikaje kwa ukweli zaidi? Tatu, urefu wa bondi kati ya oksijeni na haidrojeni katika majibu yangu ni angstromu 0.82, wakati vitabu vinasema ni 0.96. Je, hiyo ni dosari ya vipimo?

Fundi Maabara Mstaafu alijibu:

Mwanangu, hukukosea. Umetengeneza chumvi mbili kwa siku moja bila kujua, na bakuli zako zimekuonyesha jambo ambalo wengi hulisoma katika jedwali tu.

Salfeti ya nikeli inapojitenga kutoka katika maji, huchukua idadi ya maji kulingana na joto la mmumunyo. Chini ya nyuzi 31.5 aina iliyo thabiti ni yenye maji saba, ambayo ni ya mfumo wa othorombi (pande tatu zisizolingana, pembe zote mraba) na katika madini huitwa morenosaiti. Kati ya 31.5 na 53.3 aina thabiti ni yenye maji sita, ya tetragonali, inayoelekea buluu; hiyo huitwa alfa, na madini yake huitwa retigesaiti kwa heshima ya Jan Willem Retgers, mkemia Mholanzi wa karne ya 19 aliyeshughulikia fuwele. Ukipita 53.3 unapata aina nyingine yenye maji sita vilevile, ila ni ya kijani na mfumo wake ni monokliniki (pembe moja si mraba). Hiyo ni beta. Sasa tazama meza yako: nyuzi 33 mchana. Mpaka wa 31.5 unapita katikati ya siku ya kawaida ya Dar es Salaam katika miezi ya joto, kwa hiyo mtu anayefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya maabara ya nchi za baridi, yanayosema "acha katika joto la chumba", atapata chumvi tofauti na ile iliyokusudiwa, na hatakuwa amekiuka hata neno moja la maelekezo. Mimi kwa miaka mingi niliwahimiza vijana waandike joto la chumba kwa tarakimu, wala wasiandike "joto la chumba" kwa maneno, na chumvi hii ni mojawapo ya sababu.

Angalia pia asidi. Ikiwa ulibakiza asidi nyingi ya salfuriki katika mmumunyo, aina yenye maji sita inaweza kutokea hata chini ya mpaka huo, kwa kuwa asidi huyashika maji na kuyapunguza yale yaliyo huru kuingia katika fuwele.

Unaweza kuthibitisha bila mashine ya eksirei. Chukua ujazo wa seli yako: 6.78 kwa 6.78 kwa 18.28 ni angstromu za ujazo 840 hivi. Ukiweka ndani yake fomula nne zenye maji sita, ambazo uzito wake ni 262.85 kila moja, densiti inakuwa gramu 2.08 kwa sentimita ya ujazo. Ukilazimisha maji saba katika seli hiyohiyo, densiti inakuwa 2.22. Pima densiti kwa chupa maalumu ukitumia mafuta ya taa badala ya maji, kwa sababu chumvi hii haiyeyuki humo, nawe utaona upande gani uko sahihi. Densiti halisi ya alfa ni karibu 2.07.

Kuhusu fuwele ndefu zilizofifia, jeli ya silika ndiyo iliyoziharibu. Zitoe humo zilizobaki uziweke katika chupa iliyojaa na kufungwa vizuri. Na uvae glavu, usipulize unga wake: vumbi la chumvi za nikeli likivutwa mapafuni husababisha saratani, na ngozi ya watu wengi huizoea nikeli kwa ubaya, ikishapata mzio haiachi.

Saida wa Fuwele alijibu:

Mzee amemaliza swali la kwanza, nami nitajibu la pili na la tatu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Kaka Mwanagenzi, mashaka yako juu ya ile sentensi ni ya haki kabisa. Kusema kwamba fuwele yenye maji ina "mtandao mpana wa bondi za haidrojeni" ni sawa na kusema kwamba nyumba ina kuta. Kinachotakiwa ni kuhesabu: watoaji ni wangapi, wapokeaji ni wangapi, nani anampa nani, na nani amebaki bila mwenzake. Chumvi yako inafaa sana kwa hesabu hiyo, kwa sababu ulinganifu wake umeifanya iwe ndogo.

Katika P41212 nikeli yako imekaa juu ya mhimili wa mzunguko wa nyuzi 180, na salfa vilevile. Maana yake ni kwamba nusu ya kila ioni inazaliwa na nusu nyingine kwa kuzungushwa. Kwa hiyo molekuli sita za maji zinazoizunguka nikeli zimebaki tatu tu zilizo huru, na oksijeni nne za salfeti zimebaki mbili. Maji matatu yana haidrojeni sita. Hizo ndizo bondi zote unazopaswa kuzitafuta: sita, si zaidi.

Sasa uliza zinaelekea wapi. Molekuli ya maji iliyoishika nikeli imekwisha kutoa jozi yake ya elektroni kwa metali, na metali yenye chaji mbili chanya inazivuta elektroni za maji hayo upande wake. Matokeo yake ni mawili kwa pamoja. Haidrojeni za maji hayo zinakuwa chanya zaidi, hivyo zinatoa bondi zenye nguvu kuliko maji ya kawaida; ndiyo maana ioni ya nikeli yenye maji sita ni asidi dhaifu, yenye pKa (kipimo cha nguvu ya asidi; kikiwa kikubwa asidi ni dhaifu) karibu na 10. Lakini oksijeni yake inakuwa maskini wa elektroni, hivyo haina hamu ya kupokea haidrojeni ya jirani. Oksijeni za salfeti ziko kinyume: zina chaji hasi, hazina haidrojeni yoyote ya kutoa, na zote zinatazama nje. Basi haidrojeni zote za maji huelekea kwenye salfeti. Gawanya sita kwa mbili, kila oksijeni ya salfeti inapokea tatu. Hesabu inafungika bila kubakiza kitu, na naamini ndiyo sababu fuwele zako nene zilikaa siku nne katika chombo kikavu bila kufifia: hakuna molekuli ya maji ndani yake isiyoshikwa na nikeli upande mmoja na salfeti mbili upande wa pili.

Ioni hizo mbili hazigusani moja kwa moja popote. Nikeli haijaishika salfeti hata kidogo. Kati yao pana maji daima, na bondi za haidrojeni ndizo zinazounganisha kila oktahedroni ya nikeli (nikeli na maji yake sita) na tetrahedroni za salfeti (salfa na oksijeni zake nne) zilizoizunguka. Andika hilo katika tasnifu yako, kwa sababu fomula peke yake haimwambii msomaji.

Katika aina yenye maji saba mambo ni tofauti. Seli yake ina pande za angstromu 11.86, 12.08 na 6.81, kundi lake ni P212121, na humo hakuna ioni iliyokaa juu ya mhimili wa kuzungusha, kwa hiyo una maji saba huru na haidrojeni 14 za kufuatilia. Sita kati ya maji hayo yameishika nikeli. La saba halijaishika metali yoyote. Limekaa katika nafasi iliyo kati ya ioni, likipokea haidrojeni kutoka kwa maji yaliyo kwenye nikeli na kutoa zake kwa majirani. Hesabu ya ujazo inalionyesha vizuri: gawanya ujazo wa kila seli kwa nne, aina ya maji saba inachukua angstromu za ujazo 244 kwa kila fomula, na ya maji sita 210. Tofauti ni 34. Molekuli moja katika maji ya kawaida ya kunywa inachukua karibu 30. Yaani ukilitoa lile la saba, fuwele inapungua kwa kiasi cha molekuli moja ya maji na kidogo zaidi.

Kuhusu 0.82: hiyo si dosari, ni tabia ya eksirei. Eksirei haioni kiini cha atomu, inaona elektroni. Haidrojeni ina elektroni moja tu, na elektroni hiyo imevutwa kuelekea oksijeni kwa ajili ya bondi, kwa hiyo kitovu cha wingu lake kiko karibu na oksijeni kuliko kiini chenyewe. Nyutroni hutawanywa na kiini, nazo ndizo zinazotoa 0.96 au zaidi kidogo. Muundo wa alfa ulipatikana kwa eksirei na Beevers na Lipson mwaka 1932, lakini haidrojeni zilisubiri hadi 1966, O'Connor na Dale walipoipima kwa nyutroni chumvi iliyotengenezwa kwa maji mazito, yaani yenye deteri, haidrojeni nzito, badala ya haidrojeni ya kawaida. Walitumia deteri kwa sababu haidrojeni ya kawaida huzitawanya nyutroni ovyo na kuichafua picha, ilhali deteri huzitawanya kwa mpangilio na kwa nguvu.

Naomba ututumie orodha ya bondi zako sita kama ulivyozipata.

Mkemia wa Bara alijibu:

Nakubaliana na dada Saida kwa sehemu kubwa, lakini naomba nirekebishe jambo moja kabla halijaingia katika tasnifu ya mtu. Ni rahisi sana kutoka kwenye maelezo yake ukaandika kwamba maji ya saba yanatoka "kwa sababu bondi za haidrojeni ni dhaifu". Kama bondi hizo zingekuwa dhaifu kiasi hicho, morenosaiti isingekuwapo kabisa.

Kinachoamua ni mizani kati ya fuwele na mvuke wa maji ulio hewani. Kila fuwele yenye maji ina kiwango chake cha mvuke ambacho ikiwa nacho haitoi wala haipokei maji. Hewa ikiwa na mvuke mwingi kuliko kiwango hicho, fuwele inatulia. Ikiwa na mchache, maji yanaanza kutoka, na yanayotoka mwanzo ni yale yasiyoishika metali. Fuwele zenye maji saba zikiachwa kwenye chupa wazi hapo Dar es Salaam, karibu na bahari, zinaweza kukawia kufifia. Mimi niko Dodoma, na wakati wa kiangazi chumvi hiyohiyo hufifia mezani bila jeli yoyote. Bondi za haidrojeni ni zilezile mahali pote pawili. Jeli ya silika iliziletea fuwele zako hewa kavu kuliko hata ya kwetu.

Joto nalo lina sehemu yake. Molekuli ya maji ikitoka kwenye fuwele inapata uhuru wa kujongea, na uhuru huo una thamani kubwa zaidi kadiri joto linavyopanda. Hiyo ndiyo maana ya ule mpaka wa 31.5: chini yake nishati inayopatikana kwa kulifunga lile la saba ndani inashinda, na juu yake uhuru unashinda. Kwa hiyo andika kwamba maji ya saba ndiyo *yaliyo tayari* kutoka kwa sababu ya mahali yalipo, na kwamba *wakati* wa kutoka unaamuliwa na joto na mvuke.

Kuna njia rahisi ya kujua kama kilichotokea ni hicho tu. Kutoka maji saba kwenda sita, uzito unapungua kwa asilimia 6.41. Ukiona umepungua zaidi, kuna maji mengine yaliyotoka pia. Pima fuwele ndefu zilizosalia kabla ya kuzikausha na baada yake. Ukizipasha sana moto, maji mengi hutoka kwa hatua, na la mwisho hung'ang'ania hadi nyuzi zinazopita 300, lakini hapo tena si suala la bondi za haidrojeni pekee.

Naongeza sababu moja ya kuijali chumvi hii kuliko zoezi la darasani. Aina ya maji sita ndiyo inayouzwa kwa viwanda vya betri, na nikeli ya Kabanga kule Ngara inazungumzwa sana nchini kwa ajili hiyo. Mtu anayenunua tani ya salfeti ya nikeli anataka kujua ndani yake mna nikeli kiasi gani: katika maji sita ni asilimia 22.3 ya uzito, katika maji saba ni 20.9. Si tofauti ya kupuuza.

Mwanagenzi aliandika:

Nawashukuru sana wote, Mzee, dada Saida na Mkemia wa Bara. Nimefanya mliyonielekeza na narudi na matokeo.

Fuwele ndefu zilizokuwa zimebaki kwenye bakuli la chumba chenye kiyoyozi nilizipangusa kwa karatasi ya chujio, nikapima gramu 1.206. Baada ya siku sita katika chombo cha kukaushia zilikuwa gramu 1.130, na siku mbili zilizofuata hazikupungua tena. Upungufu ni asilimia 6.3. Lebo ya chupa nimeibadilisha.

Kuhusu orodha ya bondi, nina tatizo. Programu imenipa bondi saba, si sita. Tano zinakwenda kwenye oksijeni za salfeti, na umbali kati ya oksijeni na oksijeni uko kati ya angstromu 2.7 na 2.9. Lakini haidrojeni moja ya maji ya tatu haiendi kwenye salfeti. Inaelekezwa kwenye oksijeni mbili za maji mengine, zote mbili zikiwa kwenye nikeli ileile, na umbali ni 2.90. Nilitaka kuandika kwamba hiyo ni bondi yenye matawi mawili, kwa sababu nimeona maneno hayo katika makala. Pembe zake lakini ni ndogo, moja 108 na nyingine 121.

Saida wa Fuwele alijibu:

Usiandike hivyo bado, kaka. Umeangukia mtego ambao karibu kila mmoja wetu ameuangukia, na ni vyema umeleta pembe pamoja na umbali.

Fikiria oktahedroni yenyewe. Nikeli yenye chaji mbili ina elektroni nane katika obiti zake za d, na katika umbo hili haina sababu ya kujinyoosha upande mmoja kama kopa, kwa hiyo umbali wake hadi kwenye oksijeni zote sita unakaribiana, wastani angstromu 2.05. Oksijeni mbili zilizo jirani zinafanya pembe ya 90 kwenye nikeli. Zidisha 2.05 kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.414, unapata 2.90. Huo ni ukingo wa oktahedroni, nao ungekuwa 2.90 hata kama duniani kusingekuwa na haidrojeni. Programu inayotafuta bondi kwa kigezo cha umbali haijui kwamba oksijeni hizo zimewekwa karibu na metali, inaona tu kwamba ziko karibu. Katika bondi ya kweli ya maji na salfeti pembe kwenye haidrojeni inapaswa kuwa kubwa, kwa kawaida 160 na zaidi. 108 inakwambia kwamba haidrojeni hiyo haielekei huko hata kidogo.

Kinachowezekana zaidi ni kwamba haidrojeni hiyo umeiweka mahali pasipo pake. Data zako zilikusanywa katika joto la kawaida, atomu zinatikisika, na katika ramani ya tofauti ya elektroni (inayoonyesha elektroni ambazo muundo uliochorwa bado haujazieleza) kilele cha haidrojeni kinaweza kuwa kidogo kuliko vilele vya uongo vilivyo kando ya nikeli. Fanya hivi: iondoe haidrojeni hiyo, rudia kurekebisha muundo, halafu itazame ramani upya, ukianzia kwenye swali la ni oksijeni gani ya salfeti iliyopokea mbili tu badala ya tatu. Tafuta kilele kwenye mstari unaotoka kwenye maji ya tatu kuelekea kwenye oksijeni hiyo. Ukikipata, kibane kwa masharti mawili: umbali wa 0.82 hadi kwenye oksijeni yake, na umbali wa 1.30 kati ya haidrojeni mbili za molekuli moja, ambao ndio unaolinda pembe ya maji isiharibike. Kisha katika tasnifu useme wazi kwamba ulitumia masharti hayo. Msomaji ana haki ya kujua kipi kilipimwa na kipi kiliwekwa.

Jambo jingine dogo. Umesema kundi ni P41212, na kigezo cha Flack, kinachoonyesha fuwele ni ya mkono upi, bila shaka kimekuunga mkono, maana nikeli hutoa ishara ya kutosha. Lakini hiyo ni fuwele moja. Hakuna kitu katika mmumunyo wako kilichokuwa na mkono wa kulia au wa kushoto. Maji, nikeli na salfeti havina upande. Mkono unazaliwa katika mpangilio wa fuwele, na bakuli hilohilo linaweza kuwa na nyingine za P43212, yaani taswira yake ya kwenye kioo. Fuwele za alfa huizungusha nuru iliyopolarishwa, nawe ukiziyeyusha mzunguko huo unatoweka kabisa. Kwa hiyo andika "fuwele iliyopimwa", usiandike "kampaundi".

Mwanagenzi aliandika:

Nimeipata. Oksijeni ya pili ya salfeti ndiyo iliyokuwa na mbili, na kilele kilikuwapo mahali dada Saida alipotabiri, kikiwa cha tatu kwa ukubwa katika ramani. Mimi nilikuwa nimechagua cha kwanza, kilicho kando ya nikeli. Sasa ninazo bondi sita, tatu kwa kila oksijeni ya salfeti, na pembe ndogo kuliko zote ni 161.

Ile sentensi nimeifuta, na mahali pake nimeandika hivi, naomba mnisahihishe: "Haidrojeni zote 12 za maji yanayoizunguka nikeli zimetolewa kwa oksijeni nne za salfeti, tatu kwa kila moja, na hakuna bondi ya haidrojeni kati ya maji na maji. Ioni za nikeli na za salfeti hazigusani. Zimeunganishwa na bondi hizo peke yake. Fuwele iliyopimwa ilikua kwenye mmumunyo wenye joto la nyuzi 33, juu ya mpaka wa 31.5 ambapo aina ya maji saba huacha kuwa thabiti."

Fundi Maabara Mstaafu alijibu:

Imekaa vizuri. Ongeza kitu kimoja: uliandika kwamba kipimajoto kilisoma 33 mchana. Usiku kilisoma ngapi? Kama meza ilishuka hadi 27, bakuli lako lilivuka mpaka mara mbili kwa siku, na baadhi ya fuwele za chini huenda ni za maji saba zilizojificha chini ya zile nene. Zitazame kwa lenzi kabla hujazisaga pamoja kwa ajili ya vipimo vingine.

Mwanagenzi aliandika:

Usiku sikupima, Mzee. Jioni hii naweka bakuli la tatu ndani ya bafu la maji lililowekwa kwenye 36, na nitaandika joto lake kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, hadi fuwele zitakapotokea.